Ziwa Sikitu

Tangu alfajiri Ambokile alikuwa akichota maji shimoni kwa ndoo, na mvua ilikuwa ikiyarudisha.

Mkewe, Tusekile, alimtazama kutoka barazani, kitenge kichwani. "Hata ukiongeza na sufuria ya makande, baba Lugano, hilo halikauki."

"Niache."

"Nimekuacha. Mgeni wako anakuja saa nne."

Mgeni mwenyewe alikuwa afisa mazingira. Kwa miaka saba Ambokile alichimba mawe ya kujengea nyuma ya nyumba yake, hapa Lupepo, kwa kibali halali. Ili apewe kibali aliandika mpango kwa mkono wake mwenyewe, kurasa kumi na moja: kifusi kingewekwa upande wa juu, udongo mweusi upande wa chini, na kazi ikiisha vyote vingerudishwa shimoni na miti ipandwe juu yake. Ulikuwa mpango mzuri. Afisa wa wakati ule aliusifu mbele ya watu.

Lakini barabara ilipotengenezwa, wajenzi walitaka kifusi, akawauzia chote. Wenye vitalu vya parachichi walitaka udongo mweusi, ukaondoka kiroba kwa kiroba. Mawe yalipokwisha, hakuwa na cha kurudishia. Masika ya kwanza yakalijaza shimo hadi ukingoni. Sasa ulikuwa mwaka wa nne, majani yameota pembeni, na bata wa jirani wanaogelea humo.

Barua ya tatu ya onyo ilikuwa mfukoni mwake, imelowa. Ilisema kwamba shimo likikutwa wazi leo atashtakiwa, serikali italifukia yenyewe, na nyumba na shamba vitauzwa kulipia kazi hiyo. Shamba lenye migomba ya baba yake. Lenye kaburi la baba yake. Ambokile alikuwa na miaka sitini na mitatu, na hakuwa na mahali pengine duniani ambapo angeweza kupaita nyumbani.

Saa nne kamili pikipiki ilinguruma njiani. Akaitupa ndoo migombani, akajifuta matope kwenye suruali. Majirani wawili walikwisha kufika kukaa naye, kama watu wanavyokaa na mfiwa: Ezron, mzee wa kanisa, na mama Esnath. Nyumba zao nazo zilitazamana na shimo.

Afisa alikuwa kijana, Medard, mtu wa Bukoba, hana hata mwezi Tukuyu. Aliwaamkia wote, akafungua faili, kisha akainua macho na kuyaona maji. Yalikuwa ya duara, ya kijani, yametulia, ukungu umeyalalia juu.

"Jamani! Na hapa mna ziwa?" akasema. "Juzi walinipeleka Ziwa Kisiba, nikaambiwa wilaya hii ina maziwa ya volkano kila kona. Hili hawakunitajia."

Ambokile akatazama maji, akatazama migomba.

"Ni dogo," akasema Ambokile.

"Linaitwaje?"

"Sikitu." Lilikuwa jina la ng'ombe wake wa maziwa.

"Na shimo lako la mawe liko wapi, mzee?"

Ambokile akanyoosha mkono kuelekea kwenye migomba ya baba yake. "Ndilo lile. Tulilifukia, tukapanda."

Medard akaitazama migomba, akaitazama karatasi. "Mpango unasema miti."

"Kwani huko kwenu Bukoba mgomba ni mboga?" akauliza mama Esnath.

Kijana akacheka. "Kwetu mgomba ni zaidi ya mti, mama." Akaweka alama ya vema.

Tusekile aliingia ndani haraka. Hakutaka uso wake uonekane.

Medard akarudi kwenye maji. "Hili ziwa lilikuwapo mlipozaliwa?"

Ezron akatazama mawinguni, kama mtu anayemwomba Mungu aangalie pembeni kidogo. "Babu yangu alinikataza kulitupia jiwe," akasema. "Ukitupa, mvua inanyesha siku saba."

"Wala halina mwisho," akaongeza mama Esnath. "Waliunga kamba tatu, hazikugusa chini."

"Na wale bata?"

"Wa ziwa hao," akasema mama Esnath, ambaye jana tu alikuwa amewalisha pumba.

Medard aliandika yote bila kutabasamu, kisha akawageuzia karatasi: Ziwa Sikitu ni la asili, nalo limekuwapo tangu enzi za mababu. Wakatia sahihi wote watatu. Kwenye faili la shimo akaandika neno moja kubwa, LIMEFUKIWA, akagonga muhuri.

Ambokile alikaa chini kwenye matope, pale pale, machozi yakichanganyika na mvua. "Ndaga fijo, mwanangu," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo."

Ezron akamwinamia sikioni. "Jumapili utoe sadaka ya maana, gwe. Leo nimeuza roho yangu kwa ajili yako."

Medard alikuwa kwenye pikipiki. Alifungua sanduku la nyuma, akatoa utepe mrefu wa kupimia, brashi, na kopo la rangi nyekundu.

"Nishikie ncha hii hapo ukingoni, mzee," akamwambia Ambokile kwa heshima. "Kwa ziwa la asili, sheria haitaki nyumba wala shamba ndani ya mita sitini."

Utepe ulifika mlangoni kwa Ambokile ukisoma kumi na tisa. Medard akachovya brashi, akachora X, kisha akauliza nyumba ya mzee wa kanisa ni ipi.