Sehemu ya Ishirini na Tisa

“Huyo mwandishi nikimtia mkononi nitampasua kichwa kwa mchi huu,” Mama Midhat alisema, akauinua mchi wa shaba dirishani.

Ikram hakuweza kuuona. Yeye alikaa ghorofa ya tano, Mama Midhat ya nne, na walisemezana kwa madirisha ya jikoni yanayofunguka kwenye tundu la hewa katikati ya jengo. Sauti zilipanda, harufu ya vitunguu ilishuka, nyuso hazikuonana. Alijibu kwa ukavu kwamba tamthilia hakuitunga yeye. Yeye msimulizi tu.

Ndivyo walivyokwenda Ramadhani nzima. Televisheni ya Mama Midhat iliungua siku ya pili ya mfungo, na Midhat, mwanawe, akaahidi nyingine baada ya Idi. Goti lake nalo lilimwangusha tangu majira ya baridi. Jengo halina lifti, na Midhat alimpiga marufuku ngazi kama anavyokatazwa mtoto. Miezi minne hakuwa ametia mguu nje ya mlango wake. Kwa hiyo kila asubuhi, akiwa anachambua mchele au anatwanga viungo vya biskuti za Idi, alisimuliwa na Ikram tamthilia ya jana. Saa hiyo moja ndiyo iliyokuwa safari yake ya siku. Bila hiyo angeongea na jiko.

Tamthilia ilimhusu Dalal, ambaye mumewe humfungia ndani kila anapokwenda kazini kwa sababu, asemavyo, mtaa umeharibika. Wiki ya kwanza Mama Midhat alimdharau: mwanamke mzima, hana mdomo? Wiki ya pili alimlilia mpaka machozi yakaingia kwenye mchele, akauosha upya. Wiki ya tatu akawa halali vizuri. Alimuuliza kwa simu Rasha, mke wa Midhat, ambaye anazijua tamthilia za chaneli zote na waigizaji wake na talaka zao, kama mume wa Dalal atakomeshwa mwishoni. Rasha alisema hiyo hajaisikia. Mama Midhat akaona kumbe hata Rasha ana mambo yasiyomfikia.

Leo Ikram alikuwa amefika mwisho. Siku ya Idi, mume anampeleka Dalal shambani kwa kaka yake, mbali, mahali pasipo na dirisha la jirani. Anapakiwa garini, gari linaondoka. Basi.

“Mwisho gani huo?” Mama Midhat alisema. “Zimebaki siku ngapi za Ramadhani, moja, na hawana hata sehemu moja ya kumtoa? Hana ndugu huyu?”

“Wamekufa. Nilikuambia sehemu ya tano.”

“Apige kelele basi.”

“Alipiga. Sehemu ya nane. Unakumbuka alivyofanywa?”

Mama Midhat alikumbuka. Chini kabisa dirisha moja lilifunguka, la mama mkwe wa Ikram, ambaye hupenda kujua nani anasema nini. Ikram akacheka kwa sauti, akampigia mkwewe kelele kwamba asijali, ni Mama Midhat tu, saumu imempanda kichwani. Wakangoja. Dirisha likafungwa.

“Na majirani?” Mama Midhat alishusha sauti bila kujua kwa nini. “Jengo zima halina jirani?”

Ikram naye alishusha sauti.

“Anaye mmoja. Mzee wa magoti. Kazi yake ni kusikiliza na kusema maskini.”

Hilo lilimwingia Mama Midhat mpaka kwenye mfupa. Alimwambia Ikram kwamba anasema hivyo kwa shibe. Mume wake ndiye anayebeba mkate, mboga, hata limau, hamtumi mkewe dukani siku moja, na wanawake wote wa mtaa wanamwonea kijicho. Mwenye raha kama hiyo atajua nini kuhusu magoti ya watu? Ingekuwa si saumu, angepanda sasa hivi amfundishe adabu.

“Panda basi, mama,” Ikram alisema. Hakuwa na mzaha tena. “Kama una mguu, panda. Na huo mchi uje nao.”

Mama Midhat alifunga jiko. Akafungua mlango wake, akatoka.

Ngazi zilikuwa kumi na nane. Aliijua idadi yake kwa sababu kila moja ilimuuma peke yake. Kwenye ya sita alikaa. Kwenye ya kumi alimtukana mwandishi, kisha Midhat, kisha akamwomba Mungu amsamehe, maana amefunga. Mchi ulikuwa mzito, akawa anauegemea kama bakora, na kila hatua ukagonga jiwe. Kichwani alipanga maneno ya kumwambia Ikram, makali, moja baada ya jingine.

Ghorofa ya tano ina milango miwili. Wa kushoto ni wa watu waliohamia Kuwait, umefungwa kwa kufuli lililoshika kutu. Wa kulia ni wa Ikram. Mama Midhat aliinua mkono agonge.

Mlango huo pia ulikuwa na kufuli kwa nje. Jipya.

Alisimama mpaka pumzi zikamrudia. Nyuma ya mbao, karibu kabisa, kulikuwa na mtu mwingine anayepumua.

“Umekuja nao?” Ikram aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama Midhat aliushika mchi kwa mikono miwili, akapiga.