Mtakatifu Asiye na Siku

"Komplikata Mabula!"

Nesi aliita akiwa mlangoni, kadi ya kliniki mkononi. Benchi zima la wajawazito likaangua kicheko.

Hakusimama mtu. Nesi akarudi ndani, akatoka na kadi nyingine. "Haya, Theopista Shadrack!" Theopista akainuka na tumbo lake huku anajifuta machozi ya kucheka.

Mama Tereza naye alicheka, tena kwa nguvu, mpaka mashavu yakauma. Kisha mkono wake ukarudi tumboni, upande wa kulia, pale ambapo mtoto huwa anapiga teke mama akikaa tu. Tangu jana hakupiga. Asubuhi alipanda bodaboda kutoka Nsemulwa bila kumwambia mume wala mama mkwe, maana jambo kama hilo ukilitamka unaona kama umelikaribisha.

"Jamani, hivi mwanao unamwitaje Komplikata?" alisema Jeniffer, aliyekaa ubavuni kwake. Jeniffer anauza mitumba Majengo na amefika kidato cha nne. Magauni karibu yote ya Mama Tereza yametoka kwake. "Nyie mnajua maana yake?"

"Si mtakatifu?" aliuliza Bibi Esteria, aliyemsindikiza mjukuu wake. "Kama Konsolata. Kama Imakulata."

"Mtakatifu wapi, bibi! Kiingereza hicho. Kompliketed. Ni kitu kilichozungushwa bure. Mlango huu hapa uko wazi, wewe unakwenda kuzunguka nyuma ya choo, unapanda dirisha, ndio unaingia. Hiyo ndiyo kompliketed. Wazungu wana maneno mengi ya kusema hivyo, na hakuna hata moja la kumsifia mtu."

Benchi likacheka tena.

"Mimi naiona kabisa ilivyokuwa," Jeniffer akaendelea. Utamu ulishamkolea. "Mama yake yuko kitandani, uzazi umegoma. Mkunga anatikisa kichwa, 'kompliketed, kompliketed.' Yule mama akasikia jina."

"Alikuwa daktari," alisema Mama Tereza.

"Eti?"

"Nasema, labda alikuwa daktari. Wakunga wetu si wanaongea Kiswahili tu?"

"Mkunga, daktari, yote moja. Aliyeumia ni mtoto."

Mama Tereza akaangalia ndala zake. Baadaye akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia bei ya kitu ambacho hana mpango wa kukinunua: "Lakini kila mtakatifu si ana siku yake? Huyo ya kwake ni lini?"

"Hana siku, Mama Tereza! Nakwambia hayupo!"

Mama Tereza akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Mlango ukafunguliwa. "Komplikata Mabula! Yupo, hayupo?"

Safari hii macho yakaanza kutafuta. Yakatua kwenye kona, kwa binti mmoja wa kitenge cha njano. Mimba ya kwanza, ilionekana. Alikuja peke yake, na muda wote alikuwa ameinamisha kichwa, ila mara moja tu alipopokea simu na kuongea Kisukuma.

"Mabula," Jeniffer akanong'ona, mnong'ono wa kusikiwa na wote. "Si jina la Kisukuma hilo? Ndiye yule. Ona anavyoficha uso."

Binti alivyozidi kutazamwa ndivyo alivyozidi kuinama, na alivyozidi kuinama ndivyo walivyozidi kuwa na hakika. Mwanamke mmoja akaanza kwa sauti ya litania, kama yuko kanisani:

"Mtakatifu Komplikataaa..."

"Utuombee!" wakaitikia wenzake.

Mama Tereza naye aliitikia. Alilisikia neno likitoka mdomoni mwake mwenyewe, na uso ukamwaka kama aliyefunua sufuria linalochemka. Akabonyeza tumbo. Kimya.

"Mimi naitwa Minza," binti alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na machozi yalishaanza. "Minza Maduhu."

"Huwa wanakataaga hivyo hivyo," mtu akajibu, na benchi likacheka kuliko mara zote.

Nesi akatoka tena. Sasa alikuwa amekasirika. "Komplikata Mabula, namwita mara ya mwisho! Daktari anaondoka. Kama hayupo naiweka kadi yake, aje wiki ijayo."

"Nenda, mdogo wangu, usione aibu," Jeniffer alisema. Alikwenda kwenye kona, akamshika binti mkono na kuanza kumvuta. "Jina siyo ugonjwa. Nenda ukapimwe."

Mama Tereza alikandamiza ubavu wa kulia kwa vidole vyote, akasubiri teke. Alisubiri mpaka nesi akageuka na kushika kitasa.

Ndipo akasimama.

"Mwache mtoto wa watu, Jeni," alisema.

Jeniffer akauachia mkono wa binti, akabaki mdomo wazi. Wote walijua Mama Tereza ni mtu mpole, wakangoja kuona mpole akigomba.

Hakugomba. Alikaza kitenge kiunoni, akapita mbele ya magoti yao yote, akafika mlangoni. Akainua macho kwa nesi.

"Nipo, nesi," alisema. "Nilikuwepo tangu mwanzo."