Chai ya Mkata Umeme

Mwanahawa alipotoka na panga, fundi wa umeme alikuwa keshafika juu ya nguzo, plaizi mkononi.

“Dada, deni ni deni. Mimi nimetumwa tu.”

“Si jana tu tulikubaliana ofisini kwenu nilipe kidogo kidogo? Na wewe ulikuwapo.”

“Ya jana yalikwisha jana.” Fundi akacheka, akapeleka plaizi kwenye waya.

Mwanahawa aliivuta ngazi ya mbao aliyopandia fundi, ikaanguka kwa kishindo, akaishukia kwa panga kama anayeua nyoka. Vipande vya mbao viliruka mpaka mlangoni. Fundi aliikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Plaizi ikamponyoka, ikapita karibu na sikio la Mwanahawa na kujichimbia matopeni. Hakuitazama.

“Dada! Tuzungumze!”

“Kwetu hatuzungumzi na mgeni kabla ya chai.”

Alipanga mafiga matatu chini ya nguzo, akazisukumia zile mbao za ngazi katikati, akazimwagia mafuta ya taa, akawasha. Ndani ya nyumba friji lilikuwa likinguruma bado. Akateleka birika, akaweka vikombe viwili juu ya kigoda, akaketi, panga mapajani, akimsubiri mgeni wake. Moshi ulikuwa umeanza kupanda.