Jina la Ndani ya Kompyuta ya Albano

"Usiniite baba mdogo," alifoka Mzee Apolinari. "Mie nimeshuka basi Mbezi Luis miguu imevimba kwa ajili ya kuanua matanga ya kaka yangu. Sikuja kuokota watoto."

Aliyefokewa alijitambulisha kuwa ni Brightson, wa Temeke. Suti inang'aa, kiatu kina ncha ya kutoboa gunia. Alikuwa amesimama katikati ya sebule ya marehemu, huko Segerea, mbele ya ukoo mzima, na alikuwa ametamka jambo moja tu: kwamba marehemu Albano alimzaa nje ya ndoa.

Watu wakaguna. Si kwamba jambo lenyewe lilikuwa geni. Matanga gani ya mjini siku hizi yanakwisha bila mtoto wa nje kujitokeza kabla ya wali? Ila Albano na mkewe Kokushubila hawakujaliwa mtoto, na ukoo ulikuwa umekubali, kwa shingo upande, nyumba ibaki kwa mjane. Akipatikana mtoto wa damu, nyumba ni yake, mjane afungashe.

Apolinari alimdharau kijana yule kuanzia kola hadi soksi. Na tuseme kweli, hata mjane, shemeji yake, hakuwa na heshima kubwa machoni pake. Mwanamke kakaa kwenye ndoa miaka yote hiyo, kazaa nini? Vitambaa vya kufuma. Vitambaa kwenye makochi, vitambaa juu ya friji, kitambaa hadi kwenye ile kompyuta ya kale ambayo Albano alirudi nayo kutoka masomoni Ulaya, na ambayo sasa ilikuwa inawaka bluu pale pembeni kama duka la dawa.

Lidude lile! Usoni liliandikwa Wexford, kwa herufi za dhahabu. Albano alikuwa na mazoea ya kuligonga kwa kidole na kuwaambia wageni, "Hilo jina ni koti tu. Mwenyewe yuko ndani, na jina lake nitamwonyesha mwanangu wa kumzaa, basi." Wageni wanacheka, wanakunywa chai yao, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kuonyeshwa. Mwongo yule, Mungu amrehemu, aliwahi kudai kwamba kompyuta hiyo ilimtabiria mvua.

Hapo Apolinari akapata wazo, na likamfurahisha kabla hata hajalisema.

"Haya, mtoto wa damu. Baba yako alikuonyesha jina la ndani?"

Shangazi Genoveva, dada wa marehemu, akaangua kicheko. "Muulize na la malaika wake mlinzi!"

Brightson hakutikisika. "Alinionyesha. Orbika."

"Orbi nini?"

"Orbika, baba mdogo. Herufi nyeupe kwenye bodi ya kijani, upande wa kulia, jirani na swichi."

Kicheko kikakatika. Kokushubila, aliyekuwa mkekani tangu asubuhi, akainua uso.

"Ulikuwa na umri gani, mwanangu?"

"Nilikuwa darasa la tatu, mama. Wewe ulikuwa umesafiri, uko Bukoba. Mzee akanileta hapa hapa, akafungua kifuniko."

"Ukaliona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya. Nikalisoma herufi moja moja, mzee akanipa andazi."

"Hukuambiwa na mtu?"

"Nani mwingine angejua, mama?"

Kokushubila akajizoazoa, akaenda jikoni, akarudi na bisibisi. Akaizima kompyuta, akachomoa waya ukutani. Akakiondoa kitambaa, akakikunja taratibu utadhani anakirudisha sandukuni, kisha akamkabidhi Apolinari bisibisi kwa mikono miwili.

"Fungua, shemeji. Ukoo uone."

Apolinari akafungua huku akinong'ona kwamba ni upuuzi mtupu. Skrubu zikatoka kilaini. Akainua kifuniko, akavaa miwani, akainama. Kulia, jirani na swichi, kwenye bodi ya kijani, herufi nyeupe: ORBIKA.

"Yesu na Maria," akasema.

Genoveva akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Dharau yote ya Apolinari ikamtoka kijana, ikahamia kwa mjane, na huko ikakuta nafasi kubwa zaidi. Akamkumbatia Brightson mpaka suti ikajikunja.

"Damu ya kaka yangu! Tazameni hiyo pua!" Pua ile ile ambayo muda mfupi tu uliopita aliiona ya tapeli wa stendi. "Kaa, mwanangu. Kaa kwenye kiti cha baba yako. Genoveva, mletee mtoto nyama, siyo huo mfupa!"

Brightson akakaa, akakunja nne.

Apolinari akakohoa, akamgeukia mjane. "Shemeji, umejionea mwenyewe. Hakuna anayekufukuza, sisi si wanyama. Ila nyumba imepata mwenyewe. Anza kukusanya vitambaa vyako polepole. Ungezaa, yasingefika huku."

"Hata kitoto kimoja tu," akaongeza Genoveva, akipakua.

Kokushubila alikuwa anamtazama kijana kitini, anavyotafuna nyama ya matanga.

"Bodi ya Albano iliungua zamani, shemeji, nikaitupa jalalani na jina lake," alisema. "Hiyo nimeinunua kwa fundi wa huko huko kwao Temeke Jumanne iliyopita, tukiwa tumeshazika."