Dakika Kumi za Mashine Pepe

"Zimebaki dakika kumi," alisema mwalimu mkuu, akigonga kioo cha saa yake ya mkononi.

"Mashine inasema ishirini," alijibu fundi wa kompyuta, jasho likimtoka.

Nyuma ya kioo cha ukumbi, watahiniwa sitini walikuwa wameinamia kompyuta zao. Mmoja wao alikuwa mdogo wake fundi, aliyekuwa akiurudia mtihani huo kwa mara ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho kuruhusiwa. Vidole vyake vilitembea kwa mwendo wa kinyonga aliyevaa viatu vipya.

Mtihani uliendeshwa na mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi tumboni mwa kompyuta nyingine. Ikifika saa sita kamili ingefunga majibu yenyewe, bila huruma wala kwaheri.

Fundi aliujua ugonjwa. Kompyuta mama ikizidiwa na kazi humsahau mwana. Mwana husinzia, saa yake ikabaki nyuma. Akaichungulia saa ya mama. Nayo ilisema ishirini.

"Wamelala wote wawili," alinong'ona.

Angemuuliza nani? Intaneti ilikuwa imekatwa, watu wasiibe majibu. Simu zilikuwa zimefungiwa getini. Saa ya ukutani ilifariki muhula uliopita, na haikuacha mrithi.

"Mwalimu, tuwaache tu wamalize?"

"Wee! Mwaka jana shule jirani walizidisha dakika tano. Matokeo yalifutwa ya wote, hata ya waliomaliza mapema. Unataka kunizikia shule?"

"Na hiyo saa yako ina uhakika?"

Mwalimu mkuu alijinyoosha kama bendera. "Miaka thelathini kazini, sijachelewa hata paredi moja. Muulize yeyote."

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Hata wanaomchukia waliapa kwa hilo.

Fundi akatazama ukumbini. Mdogo wake alikuwa kwenye swali la mwisho, lile la insha, ameuma ulimi. Akizipunguza dakika, atamkata yeye. Akiziacha, matokeo ya wote yatafutwa, na ya huyo huyo yakiwemo. Akaisogeza saa ya mashine mbele.

Kwenye kila kioo cha kompyuta, ishirini ikawa kumi. Ukumbi ukaguna. Mdogo wake akainua kichwa, akamtazama kaka yake, kisha akaanza kuandika kama anayekimbia mvua.

Hazikumtosha. Vioo vilipozimika, vidole vyake vilikuwa bado hewani.

"Umetenda haki, kijana," mwalimu mkuu alisema nje, akimpiga bega. "Usilie. Mwanaume ni kujali muda."

Fundi akajifuta macho. "Hivi mwalimu, miaka thelathini hujachelewa hata siku moja. Unawezaje?"

Mwalimu mkuu akatazama huku na huku, akamsogelea sikioni.

"Nikwambie siri? Saa yangu huwa naitanguliza dakika kumi."