Mama wa Kiti cha Mbele

Kabura alikishika kile kiti kwa mikono miwili akakivuta. Mama aliyekikalia hakusogea hata inchi moja.

"Wewe mama, hii kiti ni yangu. Kila mtu anajua."

"Iko na jina yako?" mama akauliza, macho yake yakiwa jukwaani.

Watu katika ukumbi wa Kerugoya wakaangua kicheko. Kabura akaenda kusimama ukutani, damu ikimchemka. Kiti cha mbele kilikuwa chake! Tangu Ngatia, yule fundi wa gitaa, alipofariki mwaka wa sabini na tatu, bendi ya Sauti ya Ngatia ndiyo pekee iliyopiga nyimbo zake jinsi alivyozipiga yeye, na Kabura hakuwa amekosa onyesho hata moja tangu Januari. Aliacha kazi ya ukarani kwenye kituo cha majani chai kule Kangari. Baba yake alimwonya, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alilala kwa mashangazi, na kwa marafiki wa marafiki, mradi tu bendi ikifungua vyombo awe pale mbele.

Sasa alikuwa amepata mshindani. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sweta ya kijani na kitambaa kichwani, asiyecheza wala kupiga makofi. Alikaa tu, mikono mapajani, akimtazama mwimbaji, Moffat. Baada ya Kerugoya, kule Karatina alikuwako tena. Kule Chaka pia alikuwako, na alifika kabla ya Kabura.

Bendi nayo ilikuwa ikiharibika. Wimbo wa Ngatia uliopendwa kuliko zote una ubeti wa tatu wenye mambo ya kitandani, ule ambao wanaume huungoja huku wakipiga meza. Siku hizi Moffat akiufikia alifumba mdomo, akawapa watu mgongo, akapiga gitaa peke yake. Karatina walimzomea. Chaka walimrushia maganda ya machungwa.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Kabura alilishuhudia kwa macho yake. Pale Karatina, Moffat alikuwa akiingia ukumbini na yule mama akitoka. Moffat, na suti yake nyeupe kama ya marehemu Ngatia, alivua kofia, akaruka kando na kusimama kwenye tope mpaka viatu vikazama, uso akiuinamisha chini. Mama akapita bila kusema neno.

Amemroga, Kabura akawaza. Ni nini kingine kinachoweza kumfanya mwanaume mzima aogope mwanamke kiasi kile?

Kule Chaka, Kabura alimbana Moffat nyuma ya gari la bendi.

"Huyo mama ni nani?"

"Wachana na yeye."

"Ati niwachane na yeye? Moffat, ulisema Jumamosi unaleta wazee kwetu kuniposa. Baba yangu anangoja aone kama ni uwongo."

Moffat aliizungusha kofia mikononi. "Nikimwona nakauka koo. Siwezi kuimba, na mambo ya harusi siwezi hata kufikiria. Nitolee huyo mtu hapo Nyeri, na Jumamosi niko kwenu."

"Si umwambie wewe mwenyewe aende?"

"Mimi siwezi kumwongelesha," akasema, akaingia garini na kufunga mlango.

Basi Nyeri ikawa vita. Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri, watu wametoka kanisani na kumiminika ukumbini. Kabura alimwomba Dawud, bawabu wa mlangoni, amzuie yule mama.

"Ana tiketi yake," Dawud akamjibu. "Na ni rika la mama yangu. Mtoe wewe, kama una ubavu."

Kabura alikuwa nao. Ubeti wa tatu ulipofika na Moffat akageukia ukuta, watu wakaanza kupiga miluzi. Kabura akamkamata mama mkono, akamwinua.

"Huyu ndiye anawaharibia wimbo! Mchawi!"

Neno hilo lilitosha. Watu wakawapisha njia. Mwanamume mmoja akamtemea mama mate, mwingine akamvuta kitambaa kikaanguka. Kabura alimsukuma bila huruma, hatua kwa hatua, mpaka nje, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Ndani, gitaa likanyamaza kidogo. Kisha sauti ya Moffat ikapanda, safi kabisa, ubeti wa tatu neno kwa neno, na ukumbi mzima ukapiga kelele za furaha. Kabura nusura alie. Jumamosi sasa ilikuwa yake.

"Umesikia?" akamwambia mama. "Hiyo ndiyo sauti yake wewe ukiwa mbali. Rudi kwenu, na usimfuate mwanaume yangu tena!"

Mama alijifuta mate shavuni kwa mkono wa sweta. Hakuonyesha hasira, na hilo lilimuudhi Kabura kuliko kama angemtukana.

"Mimi sikukuja juu ya nyimbo, mtoto yangu," akasema. "Na kumwita nimuulize siwezi. Mtu na mkwe wake hawaongei hivyo, unajua desturi yetu. Nilifikiri akiniona tu, atatuma mzee moja nyumbani. Sasa kwa vile wewe unaongea na yeye, niulizie tu kitu moja: baba yake anaitwa nani? Bibi yake, msichana yangu, alizaa kijana wa kwanza, wa kurithi jina ya huyo babu, leo ako na miezi nne, na bado hatujui tumwite nani."