Ndoo ya Bi Nasiche

Bi Nasiche, mtunza stoo, alikuwa amekalia mifuko ya saruji iliyoloa, ndoo ya maji miguuni pake. Mvua ya juzi ilipenya paani na saruji ikashika mabonge. Ilikuwa ya kusukumwa kwa pampu ndani ya nyufa za tangi kubwa la maji, lililosimama juu kidogo ya nyumba za watu.

"Tutaichekecha, mama," alisema Lukindo, msimamizi wake. "Wakubwa wanataka kazi iishe leo."

"Imeshakufa hiyo. Ukichekecha maiti ataamka?"

"Nipishe basi."

"Ninyanyue."

Lukindo hakumgusa. Siku ile ya mvua alivua koti lake akamfunika, yeye akalowa, na koti bado lilikuwa mabegani mwa mama huyu.

"Watatufukuza wote wawili."

"Watufukuze, nyumba za watu zibaki."

Akainuka, akachana mfuko wa kwanza na kuumwagia maji mpaka saruji ikawa tope. Kisha akamnyooshea Lukindo ndoo tupu.

"Bomba liko nyuma yako, mwanangu."

Lukindo akaipokea, akasimama nayo. Kule juu, ufa wa tangi ulidondosha maji, tone baada ya tone, kwenye bati la nyumba ya kwanza.